Mjumbe Hajitolei Ushahidi

Katika duka moja la Diff, mji wa mpakani ulio kusini mwa Kaunti ya Wajir, ambako mtu akizidi kwenda mashariki kidogo tu hujikuta ameingia Somalia, nilimwona kijana akimwonesha muuza duka arafa iliyokuwa katika simu yake, arafa yenye kila kilichostahili kuwamo, kiasi cha fedha, saa, jina la mpokeaji na nambari ndefu ya muamala, akasema kwa adabu, "Adeer, pesa nimetuma, tazama." Mzee hakuitazama. Aliitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaiweka kando ya mizani, akajibu, "Simu yako inasema maneno yako, adeer. Ngoja yangu iseme." Msomaji asishangae kuona wote wawili wameitana adeer, yaani baba mdogo, kwa kuwa desturi ya Wasomali ni mkubwa kumrudishia mdogo jina lile lile la udugu analoitwa naye, na mtu aliyesimama nje ya mlango asiyeona nyuso, ila anasikia neno lile tu, asingeweza kujua nani mzee na nani kijana.

Siku ile mlingoti wa simu ulikuwa umenyamaza, jambo ambalo si geni katika kaunti hizi, ambamo wapiganaji wa Al-Shabaab wamepata kuilipua milingoti ya Wajir, Mandera na Garissa mara nyingi. Hata hivyo simu iliyolala kando ya mizani, ijapokuwa haikuwa na neno la kupokea kutoka nje, ilikuwa haijanyamaza ndani yake, maana programu kadhaa wa kadhaa zilikuwa zikipelekeana habari kila nukta, moja ikiuliza hali ya betri, ya pili ikiomba idhini ya kusoma orodha ya majina, ya tatu ikitangaza kwamba saa imegeuka. Kila moja ya habari hizo ilizusha ndani ya mashine swali lile lile alilokuwa nalo mzee: huyu anenaye nami ni nani, na nitamjua kwa dalili gani isiyokuwa neno lake mwenyewe?

Simu janja nyingi zilizoko Diff leo ni za Android, na Android imejengwa juu ya Linux, na Linux imefuata kanuni za Unix, mfumo uliozaliwa Marekani katika maabara ya Bell mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika mifumo ya ukoo huu kila programu inayokwenda huitwa mchakato, na kila mchakato umefungiwa katika kumbukumbu yake, hauwezi kuchungulia ya mwenziwe. Ukitaka kusema na mwingine hauna budi kupita kwa kerneli, yaani kile kiini cha mfumo kilichoshika funguo zote. Kerneli ndiyo iliyouzaa mchakato kwa amri ya mchakato mzazi, ndiyo iliyoandika katika daftari lake nambari ya mchakato na nambari ya mtumiaji ambaye kwa niaba yake unafanya kazi, na ndiyo pekee yenye uwezo wa kuzibadili. Kwa hiyo elimu ya mpelekaji ipo, wala haikupata kukosekana. Mas'ala yote ya uchambuzi huu ni kwamba kwa miaka mingi njia za kupelekea ujumbe zilipita mikononi mwa shahidi huyu, naye hakuulizwa.

Njia ya zamani kabisa ni bomba. Mchakato mmoja humimina baiti upande mmoja na mwingine huzichota upande wa pili, na bomba lenye jina, ambalo huwekwa katika saraka kama faili ili yeyote mwenye ruhusa alifungue, laweza kuwa na wamiminaji kumi kwa wakati mmoja bila ya mchotaji kupata hata alama moja ya kumwambia zipi za nani. Foleni za ujumbe za System V, tawi mojawapo la Unix, hazikuwa bora sana: kerneli huhifadhi nambari ya mchakato uliopeleka mwisho, jambo lisilomfaa mtu pindi wapelekaji wanapokuwa zaidi ya mmoja. Mafundi wa enzi hizo walitumia dawa ya bawabu, wakauficha mlango wa mawasiliano ndani ya saraka ambayo wateule tu waliruhusiwa kuingia, wakasema aliyefika hapa lazima ni mwenzetu. Dawa hiyo si mbaya na hata leo hutumika, lakini humwambia mwenye nyumba kwamba mgeni ni mmoja katika walioruhusiwa, haimwambii ni yupi. Na palipo na watu mia wenye haki ya kunena, lakini kila mmoja kwa jambo lake, bawabu wa namna hiyo ameifanya nusu ya kazi.

Soketi za ndani ya mashine, yaani milango ya mawasiliano baina ya michakato, zilikuja na 4.2BSD, toleo la tawi jingine la Unix, mwaka 1983. Upande wa System V nao ulikuwa na njia yake ya kupitishiana mafaili yaliyokwisha kufunguliwa, na ajabu ni kwamba hapo, pasipo makeke, mpokeaji alipewa pamoja na faili nambari ya mtumiaji aliyelipeleka. Kisha kila kabila la Unix likashika njia yake, mithili ya ndugu waliogawana mirathi bila ya kadhi. Linux ikaleta chaguo liitwalo SO_PEERCRED, ambalo humpa mwenye kuuliza nambari tatu za aliye upande wa pili: ya mchakato, ya mtumiaji na ya kundi, OpenBSD ikaleta kazi iitwayo getpeereid, FreeBSD ikawa na miundo yake, Solaris ikaleta getpeerucred yenye maelezo mengi kuliko zote. Mwandishi wa programu atakaye kazi yake iende katika mifumo yote hulazimika kuandika jambo moja mara nne au tano, na bila shaka wengi waliochoka na kazi hiyo wakaamua kumwamini mgeni. Mfano mwema wa faida ya kuiuliza kerneli ni hazina ya data ya PostgreSQL, ambayo tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011 ina njia ya kuingia iitwayo peer: mtumiaji wa mashine ile ile haombwi nywila, kwa sababu kerneli imekwisha kusema yeye ni nani, na nywila isiyokuwapo haiibiwi.

Lakini hapa ndipo pagumu, napo ndipo nitakapokaa. Kerneli ikishasema "huyu ni fulani," swali lililo nyuma yake ni "fulani wa lini?" Linux hujibu SO_PEERCRED kwa hali iliyokuwa wakati mlango ulipogongwa, si wakati neno liliponenwa. Mchakato ukishaunganishwa waweza kuukabidhi muungano huo kwa mtoto wake, au kuupitisha kwa mchakato mwingine wa mtumiaji mwingine kabisa, na jina lililoandikwa mlangoni litabaki la yule wa kwanza. Njia ya pili, iitwayo SCM_CREDENTIALS, huambatisha utambulisho kwa kila ujumbe. Mpelekaji huandika nambari zake na kerneli huzikagua, isimruhusu kusema uongo isipokuwa akiwa na mamlaka ya juu. Mtu wa kwanza kusikia habari hizi atasema ya pili ni bora, kwa kuwa ni mpya kila mara. Nami nilipata kusema hivyo, nikajuta.

Fikiri mfano huu. Mtumiaji asiye na cheo anafungua soketi, kisha anaita programu yenye cheo, ambayo mfumo umeiruhusu kufanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, na anaipanga ili mahali pa kuandikia makosa yake pawe ile soketi. Anaipa hoja mbovu kusudi. Programu ile, isiyojua lolote, inalalamika kwa maneno ambayo sehemu yake mtumiaji mwenyewe ndiye aliyeyachagua, na malalamiko hayo yanatoka yakiwa na muhuri wa mtumiaji mkuu. Hakuna aliyesema uongo, kerneli imeshuhudia kweli tupu, na bado mwenye hila amepata atakalo. Mwaka 2014 Linux ililazimika kurekebisha soketi zake za netlink, ambazo programu husemezana nazo na kerneli, kwa sababu ya hila ya namna hii hasa, na dawa ikawa kumtazama pia yule aliyeifungua soketi hapo mwanzo. Kwa rai yangu, basi, anayeomba idhini apimwe kwa cheo alichokuwa nacho alipobisha hodi, na utambulisho wa kila ujumbe uachiwe kazi za kuandika kumbukumbu, ambako kujua nani aliyenena kweli dakika ile ni muhimu kuliko kujua ana haki gani.

Nambari ya mchakato ina udhaifu wake peke yake, nao ni kwamba nambari hufa na kurithiwa. Desturi ya Linux kwa siku nyingi imekuwa kuhesabu mpaka 32,768 kisha kurudi mwanzo, na mwenye subira aweza kuzaa na kuua michakato hadi nambari ya marehemu imwangukie yeye. Hata pasipo kifo, mchakato waweza kuvua kanzu na kuvaa nyingine: polkit, programu inayoamua katika kompyuta nyingi za Linux nani aruhusiwe jambo gani, iligunduliwa mwaka 2013 kuwa ikipewa nambari ya mchakato huenda kutafuta mwenye nambari hiyo ni nani kwa sasa, na katika kitambo kile kidogo mwombaji alikuwa amejigeuza kuwa programu yenye cheo, nambari ile ile, kanzu mpya. Apple hutumia katika macOS tokeni ya ukaguzi ambayo huongeza juu ya nambari ya mchakato hesabu ya mavao, ikabadilika kila mchakato unapojigeuza. Na Linux ilianza mwaka 2019 kutoa kishikio kinachomfunga mwenyewe mchakato, si nambari yake, ila ni katika toleo la 6.5 la mwaka 2023 ndipo mpokeaji alipoweza kukiomba kishikio hicho cha mpelekaji kwenye soketi. Miaka 40 baada ya 4.2BSD! Sisemi kwa dhihaka, ila ukoo wa mafundi wenye akili nyingi ulichukua umri wa mtu mzima kukubaliana kwamba nambari si mtu.

Makosa matatu yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa kila moja limeanguka upande wake. La kwanza ni la udev mwaka 2009. Programu hii hukaa ikisubiri kerneli iseme kwamba chombo fulani kimechomekwa, kisha hukitengenezea faili lake kwa mamlaka yote. Nayo haikuthibitisha kwamba habari ilitoka kweli kwa kerneli. Mtumiaji wa kawaida aliandika ujumbe kwa mtindo wa kerneli, akautuma, akatiiwa. Hapo shahidi alikuwapo na hakuulizwa.

La pili ni la snapd, programu ya Linux ya kusakinishia programu nyingine, mwanzoni mwa 2019, nalo nalipenda zaidi, ikiwa yaruhusiwa kupenda kosa. Hapa shahidi aliulizwa, na akajibu sawasawa. Lakini karani aliyepokea jibu alilishona katika mstari mmoja wa maandishi, nambari ya mchakato, kisha nambari ya mtumiaji, kisha jina la soketi ya mgeni, akizitenga kwa nukta-mkato. Na baadaye karani mwingine akausoma mstari huo kipande kwa kipande, akiliacha la mwisho lifute la kwanza. Jina la soketi huchaguliwa na mgeni mwenyewe. Mgeni akaipa soketi yake jina lenye nukta-mkato ndani yake na maneno yanayosema kwamba mtumiaji ni nambari 0, ambaye ndiye mkuu wa mfumo, na karani wa pili akaamini. Ushahidi wa kerneli na neno la mgeni viliandikwa kwa wino mmoja katika ukurasa mmoja, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuvitenga.

La tatu ni la polkit tena, lililotangazwa Juni 2021 baada ya kukaa miaka saba limejificha. Programu nyingi za Linux husemezana kwa kupitia mjumbe wa kati aitwaye D-Bus, na polkit ikitaka kujua mwombaji ni nani humwuliza mjumbe huyu. Mwombaji mwenye hila alituma ombi la kuundiwa mtumiaji mpya mwenye cheo, kisha akajiua baada ya milisekunde chache, wakati ombi limefika lakini swali la utambulisho halijaulizwa. Mjumbe akajibu: simwoni huyo, hayupo. Na polkit, badala ya kusema asiyejulikana hana haki, ikaacha nafasi ya nambari tupu. Na nafasi tupu ya nambari ni sifuri. Na sifuri ni mkuu wa mfumo. Mtu aliyekufa mlangoni akahesabiwa sultani.

Narudi sasa kwenye simu iliyo kando ya mizani, kwa sababu Android iligeuza maana ya kitu kimoja cha kale kwa busara kubwa. Katika Unix ya zamani nambari ya mtumiaji ilikuwa ya binadamu, mwanachuo au karani aliyekaa mbele ya kituo chake. Android, ambayo simu yake ya kwanza iliuzwa mwaka 2008, iliona kwamba simu ina mwenyewe mmoja lakini ina programu nyingi zisizoaminiana, basi ikaipa kila programu nambari yake ya mtumiaji, kuanzia 10,000, kana kwamba kila moja ni mtu mgeni aliyehamia mjini. Mazungumzo yao aghalabu hupita katika Binder, sehemu ya kerneli inayobeba ujumbe kutoka mchakato mmoja hadi mwingine, na Binder yenyewe ndiyo huandika juu ya kila bahasha nambari ya mtumiaji aliyepeleka. Mpelekaji hana mahali pa kujaza jina lake, kwa hiyo hana mahali pa kudanganya. Kwa jumbe zisizongoja jibu nambari ya mchakato huachwa sifuri, ila ya mtumiaji hubaki, jambo linaloonesha waliobuni waliitambua nambari ipi ni ya kutegemewa. Ni mpango mzuri kuliko ule wa soketi, kwa kuwa mwandishi wa programu hahitaji kukumbuka kuomba utambulisho: umekwisha kuja.

Pamoja na hayo, Android ina matangazo, ambayo ni kama sauti ya mnadi sokoni: hupazwa na kusikiwa na kila aliyejiandikisha kuyasikia, na kwa kawaida hayaji na jina la mnadi. Programu inayosubiri tangazo la kuwasili kwa arafa, tuseme programu ya hesabu za duka inayotaka kuandika kila malipo yaingiapo, yaweza kudanganywa na programu nyingine iliyomo katika simu ile ile, ikasikia kwamba arafa imekuja ilhali hakuna mlingoti uliosema neno. Ndiyo maana mpokeaji wa matangazo hayo huagizwa adai kwamba mnadi awe na idhini ya kutangaza arafa, idhini ambayo mfumo peke yake hupewa. Mwandishi akisahau mstari huo mmoja, programu yake imekuwa muuza duka anayesoma malipo katika simu ya mnunuzi.

Nimesema kerneli ina daftari. Lakini siku hizi kuna madaftari ndani ya madaftari: mfumo huweza kuzungushiwa ua, na ndani ya ua nambari za watumiaji zikatafsiriwa upya, hata aliye 0 ndani akawa 100,000 nje. Ujumbe ukivuka ua, kerneli huitafsiri nambari kwa daftari la mpokeaji. Na mpelekaji ambaye hamo katika daftari hilo huoneshwa kuwa 65534, nambari ambayo desturi imeipa jina la mtu asiyekuwa mtu. Mchakato ule una nambari, una mzazi, unafanya kazi halali. Ila umesomwa katika daftari lisilokuwa lake. Sidhani msomaji wa Garissa au Wajir ahitaji kuelezwa jambo hili. Hapa serikali ya kikoloni iliwatenga watu kwa sheria ya wilaya maalumu ya 1934, iliyowataka wawe na vibali vya kusafiri ndani ya nchi waliyozaliwa. Hapa mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni kuchujwa, wakapewa kadi ya pili juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Na hapa wako maelfu ya Wakenya ambao wakati wa njaa walijiandikisha Dadaab pamoja na wakimbizi ili wapate posho, na walipotimia miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole vyao zikaonekana katika daftari la wakimbizi. Vidole havikusema uongo. Daftari pia halikusema uongo, kwa kuwa waliandikwa kweli. Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia sahihi tamko la kuondoa uchujaji wa ziada kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani, na wazee waliokuwa wakiitwa kukaa vikao vya kumshuhudia kijana kwa nasaba yake wakaambiwa kazi hiyo imekwisha.

Ushahidi wa nasaba ulikuwa na kasoro zake, mojawapo ikiwa kwamba shahidi huweza kuchoka, kuchukia au kulipwa; lakini ulijua jambo moja ambalo kerneli haitalijua, nalo ni uso. Binder itasema bila ya kosa kwamba ombi limetoka kwa programu ya nambari 10,143, wala haitasema ni mkono wa nani uliogusa kioo. Katika Diff, kama katika miji mingi ya ufugaji, simu moja huweza kutumiwa na baba aliyekwenda na ngamia malishoni na kurudi baada ya wiki mbili, na mke aliyebaki, na mtoto anayejua kusoma arafa kwa niaba ya wote. Hapo kazi yamwangukia mwenye nambari ya siri, na nambari ya siri ni neno la mjumbe mwenyewe, lile lile tulilolikimbia tangu mwanzo.

Alasiri mlingoti ukaamka. Simu ya mzee ilitetemeka mara tatu mfululizo kando ya mizani, nayo akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akauliza kijana ni nani aliyetuma, kwa kuwa jina lililoandikwa lilikuwa la mwanamke. "Ni ya mama, adeer," kijana akasema. Mzee akamtazama uso kwa muda, akataja jina la babu yake, na kijana alipoitikia akampimia sukari.